Mama, Haya Ndiyo Niliyomwambia Mbunge

Rooty Hill, Sydney
Jumatano, asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na barua hii naomba ikukute umekaa, si umesimamia goti lile. Uvimbe umepungua? Dada Mapendo ameniambia bado unaenda mwenyewe kupanga foleni ya maji kwa sababu humwamini mtu na ndoo zako. Mama, ndoo ni ndoo, waachie wajukuu. Na dawa za presha zimepatikana, au bado mnaambiwa mrudi wiki ijayo? Huku tunasikia korona imefika na kwenu kambini, ila hakuna anayepima. Kwa hiyo nikiona simu ya Mapendo inaita saa isiyo ya kawaida, moyo unanidunda kabla sijapokea. Halafu unakuja wewe: "Riziki, umekula?" Ndipo napumua.

Sisi ni wazima. Baba Baraka mzima, watoto wazima, na Zawadi ameanza kutembea kwa kushika kuta. Nyumba nzima ina alama za vidole vyake.

Utajiuliza kwa nini leo naandika karatasi badala ya kutuma sauti. Ni kwa sababu simu yenu ni ya watu wote. Nikituma sauti, inasikilizwa uani na kila aliyekuja kuomba chumvi. Nitazipiga picha kurasa hizi nimtumie Mapendo. Dada, ukiwa unasoma hapa, nenda kafunge mlango kwanza. Ukifika pagumu usiruke, wala usilainishe. Msomee Mama kama nilivyoandika, ukimaliza ufute picha.

Mama, nina jambo, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Unajua habari za Wakongo wa Sydney zinavyosafiri. Zinapita Melbourne, zinapita Nairobi, zinafika kambini zikiwa zimeongezewa mikono na miguu.

Kwanza tunavyoishi, ili mengine uyaelewe. Mji umefungwa. Sisi wa magharibi tumefungwa zaidi kuliko wale wanaokaa karibu na bahari. Helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa yetu, na wanajeshi wanatembea na polisi kugonga milango ya watu wanaotakiwa kukaa ndani. Siku ya kwanza Baba Baraka alipoona sare zile getini, aliwakimbiza watoto chumba cha nyuma. Sikumwuliza kitu. Miguu yake ilikuwa imekumbuka vita vya Fizi. Kumbe askari mwenyewe kijana tu, amebeba boksi la chakula la jirani, anauliza nyumba.

Baba Baraka bado anaendesha lori, anatoa makontena bandarini Port Botany na kuyapeleka kwenye maghala. Akirudi anavua nguo nje, anaoga, ndipo watoto wanamrukia. Mimi bado niko kwenye nyumba ya wazee, nawaogesha na kuwalisha. Barakoa imenichora mstari juu ya pua kama mtu aliyechanjwa chale. Baraka anasomea mezani jikoni kwa tableti. Nikimwambia kwa Kiswahili akae wima, ananijibu kwa Kiingereza kwamba yuko bize. Mtoto wa miaka saba, bize.

Na kanisa liko kwenye simu. Jumapili kila mtu anaimba sebuleni kwake, na sauti hazikutani. Anayetuongoza akina mama ni Mama Tabitha, mtu wa Uvira, nimewahi kukutajia. Ndiye aliyetupokea tulipotua huku, akatuletea mablanketi na sufuria kubwa ya sombe ya majani ya muhogo, akanifundisha kupanda treni bila kushika moyo. Nampenda sana yule mama. Shika hilo, litarudi.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Zawadi alipozaliwa nilikuambia nimejifungua salama. Kujifungua nilijifungua, ila usalama haukuwepo. Nilikuwa peke yangu, maana jirani hakuruhusiwa kuingia kwetu na watoto hawakuruhusiwa kuingia hospitali, kwa hiyo Baba Baraka alibaki nao nyumbani. Mkalimani alikuwa kwenye simu, baba mmoja, kwa lafudhi nadhani ni wa Mombasa. Simu wameilaza kwenye mto, karibu na sikio langu. Daktari akisema sukuma, maskini yule baba naye: "Sukuma, dada. Pole, sukuma." Najua daktari hakuisema ile pole. Ilikuwa yake mwenyewe.

Mtoto akatoka, damu ikafuata na haikusimama. Niliona watu wanaingia wengi kwa haraka, na baba wa Mombasa akaacha kutafsiri kwa sababu hakuna aliyekuwa akisema na mimi tena. Nilipozinduka daktari alikaa kitandani pangu, akaniambia mimba nyingine ikija mapema, damu ile inaweza kurudi na wasiiweze. Akasema nipange uzazi.

Nilitaka, Mama. Lakini unakumbuka mambo ya kambini. Ukienda kuomba sindano ya kupanga uzazi, nesi anakuuliza mume yuko wapi, aje aseme amekubali. Nilikua nikijua ndivyo dunia nzima ilivyo. Kwa hiyo nikawa nangoja siku Baba Baraka atakapopata ruhusa kazini. Akipata ruhusa, kliniki inaandika mlangoni kwamba anaingia mtu mmoja tu, kwa ajili ya korona. Tunarudi. Tunasema, basi, tungoje wafungue. Hakuna aliyeniambia mume anahitajika, na hakuna aliyeniambia hahitajiki. Nilikuwa nimepanga foleni isiyokuwepo.

Siku moja kazini nikafungua uji wa bibi mmoja, harufu ikanipiga, nikakimbilia chooni. Nikajua papo hapo.

Nikamwomba daktari wangu nafasi. Siku hizi madaktari wanapiga simu, halafu wanamwunganisha mkalimani katikati. Akataja jina langu, akauliza kama nasikia. Kisha sauti ikaingia: "Habari yako, dada. Mimi ni mkalimani wako wa Kiswahili. Yote yatakayosemwa hapa ni siri."

Mama, ile sauti ilikuwa imesoma Zaburi Jumapili iliyopita. Ilikuwa Mama Tabitha. Nilijua anafanya kazi ya ukalimani, ila sikuwahi kufikiri kwamba siku moja atakuwa katikati yangu na daktari. Naye alinijua. Nilisikia pumzi yake ikikatika kidogo.

Daktari akauliza anisaidie nini leo. Mama Tabitha akauliza taratibu, "Leo nikusaidie nini?"

"Kichwa kinaniuma," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu... tangu shule zilipofungwa."

Daktari akacheka kwa huruma, akasema wenye kichwa cha hivyo ni wengi. Akaniambia ninywe maji mengi na panadoli. Nikakata simu nikiwa na mimba, na panadoli.

Usimlaumu Mama Tabitha, hakufanya kosa. Lakini ujue kwa nini niliogopa. Wiki ile ile alikuwa ametuma waraka kwenye kundi letu la akina mama, wa kuwekewa saini. Sheria ya jimbo hili ilibadilishwa kabla ya korona. Zamani kutoa mimba kulikuwa kwenye kitabu cha makosa, pamoja na wizi. Sasa imeachwa kuwa shauri la mwanamke na daktari wake. Waraka ulikuwa unawaomba wabunge wa jimbo waufunge tena mlango ule. Mama Tabitha aliandika chini yake, "Akina mama, tusimame." Majina yakaanza kuingia, moja baada ya jingine. Jina langu lilikuwa linangojwa.

Nilimwambia Baba Baraka mchana, tukiwa tumekaa kwenye gari lililoegeshwa nje, maana ndani kuna masikio madogo. Watoto walikuwa wanatuangalia dirishani.

"Baba Baraka, nina mimba."

Akashika usukani kana kwamba gari linatembea. "Ile damu," akasema.

"Ndiyo."

"Daktari alisema nini juu ya ile damu?"

"Unajua alichosema."

Sifa, wa katikati, akabandika pua kwenye kioo cha dirisha, akatutolea ulimi. Baba Baraka akamtolea wake. Kisha akasema, "Kanisani watasema nini?" Kabla sijajibu akajijibu, "Kanisani hawatakuja kila asubuhi kumsuka Sifa nywele." Halafu akanigeukia. "Wewe unataka nini?"

Mama, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo kuhusu tumbo langu. Ilibidi nilitafute jibu kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya wengine.

"Nataka Zawadi anijue," nikasema. "Nataka akikua anikumbuke, asionyeshwe picha."

Akaitikia kwa kichwa. Tukaingia ndani kupika.

Huku kuna nesi wa jamii, mama mmoja wa Sudan Kusini, tunamwita Sista Achol. Nilimwendea yeye na Kiingereza changu kilichovunjika, bila mkalimani. Kiingereza changu ni cha nyumba ya wazee: inua mkono, fungua mdomo, geuka mpenzi. Lakini mimba na damu na hofu, hayo nilimwelezea kwa mikono na akaelewa. Ndiye aliyeniambia kwamba mume hahitajiki, hakuwahi kuhitajika, si kwa sindano na si kwa hili. Nilikaa kwenye kiti chake nikacheka mpaka akaogopa. Madaktari wakaniangalia, wakasema hofu yangu ni ya kweli, wakaniuliza tena na tena kama uamuzi ni wangu. Ulikuwa wangu. Niliitoa mimba ile, Mama, mchana, kwenye chumba chenye dirisha. Mtu alinishika mkono. Baadaye wakanipa chai na biskuti, na Baba Baraka alikuwa nje kwenye gari.

Nimeandika. Dada Mapendo, kama umeshusha sauti hapa, pandisha.

Nililia njia nzima, na leo nikiandika nalia. Na ingekuwa leo tena, ningefanya vile vile. Yote mawili yamo ndani yangu, na hakuna linalomfukuza mwenzake. Naomba usinichagulie moja.

Sasa kilichobaki. Sista Achol ameniambia mbunge wetu wa jimbo hajaamua atasimama upande gani. Amepokea waraka wa makanisa wenye majina ya Waafrika wengi, na anadhani ndivyo Waafrika wote tunavyosema. Amekubali kuwasikiliza wanawake kwa video. Sista akaniuliza kama nitasema. Nikamwambia siwezi, nina kanisa, nina watoto, nina mama. Akasema, "Basi, usiseme," akaendelea kukunja mataulo yake. Huo ndio ujanja wake. Nilitembea hadi nyumbani nabishana naye peke yangu, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshindwa.

Ni kesho. Nimeomba mkalimani, na nimeomba asiwe mtu wa Sydney. Wamesema watajaribu. Sijala tangu jana, ila usiniulize.

Wanaamka. Nitaendelea.

Ijumaa

Mama, nimeendelea. Mkutano ulikuwa jana.

Baba Baraka aliwatoa watoto, akaenda nao kwenye nyasi za karibu, ndani ya mipaka tuliyowekewa. Nilikaa jikoni na tableti ya Baraka, ina stika ya samaki papa pembeni. Mbunge ni mama mwenye miwani. Alikuwa kwake, nyuma yake naona mashine ya kufulia inazunguka. Sijui kwa nini, lile lilinipa nguvu. Sista Achol yuko kwenye kipande chake cha kioo. Na kipande kimoja ni cheusi, hakina picha, kimeandikwa tu mkalimani.

"Habari yako, dada. Mimi ni mkalimani wako wa Kiswahili. Yote yatakayosemwa hapa ni siri."

Walijaribu, lakini hawakumpata mwingine.

Nilijua neno moja tu la kunitoa pale, nalo ni kichwa. Ningesema kichwa kinaniuma, wakaniambia pole, nikazima, nikapika maharage. Nilimwona Sista ananitazama, ila hajui sauti ile ni ya nani. Mbunge akasema nisiwe na haraka. Mama Tabitha akasema, "Usiwe na haraka," na sauti yake haikuwa ya Jumapili wala ya kunifokea. Ilikuwa ya kazi. Nikakumbuka ile siku ya panadoli, na kwamba tangu siku ile hajaniuliza kitu, wala hakuna mama hata mmoja aliyeniuliza kichwa kinaendeleaje.

Nikasema, "Mheshimiwa, naitwa Riziki. Nina watoto watatu. Mwaka huu nilipata mimba ya nne na niliitoa."

Mashine ya mbunge inazunguka.

Hapa nikueleze kitu kuhusu wakalimani wa huku. Hawasemi "huyu dada anasema kwamba." Ndiyo kanuni yao. Ukisema mimi, nao wanasema mimi. Na Kiingereza cha namna ile nakielewa. Nilimsikia Mama Tabitha, kiongozi wa akina mama, mwenye waraka, anasema kwa Kiingereza: mimi naitwa Riziki, mimi nina watoto watatu, mwaka huu nilipata mimba ya nne na niliitoa. Hakusema ilitoka. Hakusema nilipata matatizo. Alisema niliitoa.

Basi nikaendelea, na kila nilichobeba akakibeba. Nikamwambia mbunge habari ya damu na simu kwenye mto. Nikamwambia habari ya foleni isiyokuwepo. Nikamwambia, "Sikuja kukuomba uwafundishe wanawake kutoa mimba. Wapo watakaozaa kumi wakamshukuru Mungu, nami nitawapelekea chakula. Nakuomba sheria muiache pale ilipo. Usirudishe polisi kati yangu na daktari. Wakati mimi naogopa, nilikuwa na mume wa kumwogopa, na kanisa, na majirani, na ugonjwa unaoua watu. Usiniongezee na serikali."

Mama Tabitha: usiniongezee na serikali.

Nikasema, "Na mkishaiacha, tuambieni. Tuambieni kwa lugha zetu, mapema, kwamba mwili ni wetu na mume si lazima asaini. Na mwanamke akipiga simu kwa daktari, mtafutieni mkalimani wa mbali, asiyemjua. Mimi mara ya kwanza niliogopa sauti nikasema uongo, na uongo ule ungeweza kuniua. Simlaumu mwenye sauti. Alikuwa kazini."

Mama Tabitha akatafsiri yote, na mwisho: simlaumu mwenye sauti, alikuwa kazini.

Mbunge akaniuliza, kwa heshima, huko nilikotoka, ambako sheria imefunga, wanawake wanafanyaje. Mama, sikuwa nimepanga kusema. Lilitoka. Nikamwambia habari za Mama Mdogo Faida.

Nilikuwa mdogo, mnadhani sikuona. Niliona ulivyomfungia ndani mdogo wako, ukakataza mtu kuingia. Niliona beseni ukilimwaga nyuma ya nyumba, ukiliosha, ukilijaza tena. Alikuwa na watoto wanne na mume aliyepotea vitani, na mimba ya mtu ambaye hatukuambiwa. Kuna mwanamke alimpa kitu cha kunywa. Watu wa msibani walipokuuliza, ulisema malaria. Ulisema mara nyingi, kwa sauti kavu, mpaka ikawa malaria. Ungesema kweli wangekataa kumwombea, na walinzi wa kambi wangekuja kuuliza nani alijua. Ulimlinda kwa namna iliyokuwepo. Sikutaja jina lake kwa mbunge. Nilisema, "Mama yangu mdogo. Alikufa kwa sababu alikuwa na haja ya msaada na msaada ulikuwa umefungwa."

Sauti haikufuata. Tulingoja. Mbunge akadhani mtandao umekatika. Ndipo nikasikia kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, taratibu:

"Mkalimani anaomba muda kidogo."

Ndivyo wanavyosema wakitaka kujisemea wenyewe. Hapo hawaruhusiwi kusema mimi. Mbunge akavua miwani. Mashine ilikuwa imeacha kuzunguka. Sijui kule kwenye kile cheusi kulikuwa na nini. Sijui ana nani wake, kule Uvira, aliyekufa kwa malaria. Kisha akasema, "Mkalimani yuko tayari," akatafsiri habari za Mama Mdogo mpaka mwisho, na akasema "mama yangu mdogo" kama kanuni inavyotaka. Mama yangu mdogo, kwa mdomo wa Mama Tabitha.

Mbunge hakuahidi kitu. Alisema amesikia, alisema atatafakari, wanasiasa ni wanasiasa kila nchi. Sista Achol anasema ni vizuri, mimi sijui kama ni vizuri. Siku ya kupiga kura atakuwa peke yake na kidole chake, na mimi nitakuwa nawaogesha wazee. Hilo linanisumbua hata sasa. Ila aliniuliza kama anaweza kuyasimulia haya bungeni bila majina. Nikasema yangu ninampa. Habari za mama mdogo si zangu kutoa, nikasema, lazima nimwulize mama yangu kwanza. Akashangaa kidogo. Akasema atangoja.

Kwa hiyo nakuuliza. Ni mdogo wako, na ni wewe uliyemwosha. Ukisema hapana, nitamwambia hapana, na sitakuuliza sababu. Ukisema ndiyo, basi mahali fulani, katika nyumba kubwa, watu waliovaa suti watasikia kwamba haikuwa malaria. Mwambie Mapendo aniandikie neno moja tu, nitaelewa.

Kuhusu Mama Tabitha: jana jioni alituma tena ule waraka kwenye kundi, akisema muda unaisha, ambaye hajatia saini aweke. Hajabadilika, na sikutegemea abadilike. Jina langu bado halipo, na hakuna aliyeuliza. Baadaye kidogo akaniandikia pembeni, mimi peke yangu: "Mama Baraka, Zawadi ameshatembea?" Nikamjibu, "Bado anashika kuta." Akaandika, "Atatembea." Sijui kama ni amani au ni adabu tu. Jumapili tutaimba wote, kila mtu sebuleni kwake.

Mama, najua unachoamini. Ni wewe uliyenifundisha kuomba. Ukitaka kunikemea, nikemee, nina masikio. Nitakusikiliza mpaka mwisho na sitakata simu. Lakini sitasema nimekosea, kwa sababu Zawadi yuko hapa miguuni pangu anavuta karatasi hii, na mimi niko hapa kumnyang'anya.

Nisalimie Baba Mkubwa wa cherehani, mwambie suruali ya Baraka aliyoshona bado inamtosha, tumefungua pindo. Msalimie Shangazi anayetibu jino kwa karafuu, na binamu yetu mwalimu wa darasa la pili. Watoto wa Mama Mdogo wasalimie wote wanne, kila mmoja kwa jina lake, na huyo mdogo wao umkumbatie kwa niaba yangu bila kumweleza kwa nini. Na wewe, Dada Mapendo, uliyesoma haya yote kwa sauti, pole na asante. Sasa fungua mlango, joto limewazidi.

Baba Baraka anakusalimu kwa heshima ya mkwe. Baraka na Sifa wanakusalimu kwa Kiingereza.

La Faida ni ndiyo au hapana, na lolote nitalipokea. La kwangu halina ndiyo wala hapana. Utakaponipigia, hata mbele ya watu wote wa uani, hata kama umenikasirikia, anza kama unavyoanza siku zote. Niulize kama nimekula.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Riziki